Dresa na Nyumba ya Njiani

Kuingia hospitali ya mjini kulikuwa rahisi. Shida ilikuwa kutoka, kwa maana mlangoni alikaa Dresa, mfunga vidonda wa hospitali.

Daktari Mzungu alipita asubuhi kati ya vitanda, akabonyeza tumbo la mtu, akasema huyu aende kwao. Ndugu wakaanza kukunja mkeka na kukusanya vibuyu. Wakishajitwisha mizigo ndipo wanamkuta Dresa kwenye benchi la mbao, mguu juu ya mguu, kaptula ya kaki imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Hakuwauliza wamelalaje. Aliuliza: "Nani mwenye chungu?"

Alimtaka mtu anayepika. Mume akijipiga kifua kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, na aambiwe yeye, Dresa alimtazama viganja. "Mzee, umewahi kusonga ugali? Basi kaa pale kivulini. Niletee mwenye chungu." Na kama mwenye chungu alikuwa amebaki kijijini Merikit anapalilia pamba, mgonjwa alirudishwa kitandani mpaka aitwe. Watu walimtukana kwa lugha zote za mpaka huu, na yeye alizijua nusunusu, akawajibu kwa Kiswahili chake safi cha watoto wa mjini, maana kwao walikuwa Waislamu wachuuzi waliotoka huku na huku wakakutana Tororo.

Mimi nilikuwa nauza uji ng'ambo ya ua wa hospitali. Mume wangu alikuwa kibarua wa reli, tulikaa kwenye nyumba za reli, na chungu changu cha uji ndicho kilichotuvisha. Kwetu ni Osukuru, kwa hiyo Kiteso nilinyonya. Nimeolewa na Msamia wa Masafu, Kisamia nikajifunza kwa mawifi wasionipenda, na hakuna njia ya haraka kuliko hiyo. Kidhopadhola nilikiokota sokoni. Dresa alipogundua hayo, raha yangu ilikwisha.

Hakuamini mtu anayeitikia. Wakisema "ndiyo, ndiyo, tumesikia", aliwaambia hata mbuzi husikia. Alitaka wamfundishe mtu mwingine asiyejua kitu, kwa lugha ya kwao, yeye akisikiliza. Basi alisimama kwenye ua na kuniita mbele ya wateja wangu: "Mama Uji, njoo uwe mjinga."

Nilichukia neno lile. Darasa la pili la misheni nililifikia, nikatolewa kuja kulea wadogo zangu, lakini mjinga sikuwa. Nilikuwa naacha mwiko ndani ya chungu, naenda kukaa kwenye benchi, nakunja mikono. Bibi wa watu ananieleza namna ya kuosha kidonda cha mjukuu wake: maji yachemke, yapoe yakiwa yamefunikwa, kitambaa kichemshwe pia, asitie samadi, asitie majani. Mimi nauliza maswali ya kijinga kama nilivyoagizwa. Je, nikikosa kuni? Je, mganga wa mitishamba akija akasema tutie majani kidogo tu? Bibi akikwama, Dresa anampeleka mwanzo. Nikielewa, nasema nimeelewa, na mlango unafunguliwa.

Usidhani alikuwa mtu mwema tu. Alikuwa na ulimi wa pilipili. Kuna mama mmoja wa upande wa ziwani, mtoto wake alikuwa ameharisha mpaka macho yakaingia ndani. Siku ya kwenda nyumbani Dresa alimshukia: usimpe muhogo, usimpe samaki, usimpe maziwa mabichi, usimpe hiki, usimpe kile, ukimpa utamzika. Mama akayarudia yote kwangu bila kosa. Akaenda nyumbani, akampa mtoto maji tu, kwa sababu hakuna aliyemwambia ampe nini. Alirudi naye kifuani, mtoto mwepesi kama kifaranga kilichonyonyolewa. Dresa alipomwona alisimama, kofia ikamwanguka, hakuiokota. Yule mtoto alinusurika. Dresa hakumwomba yule mama radhi, hakuwa na kiungo hicho mwilini. Lakini tangu hapo sikumsikia tena akianza na "usimpe". Alianza na "mpe". Mpe uji, mpe maji yaliyochemka, mpe kidogo kidogo mara nyingi. Ya kukataza yalikuja nyuma.

Na aliogopa wakubwa. Mama yake chifu mmoja alipotoka, karani wa chifu alikuja na gari na sauti kubwa, na Dresa akafungua mlango bila kuuliza mwenye chungu wala mwenye sahani. Alisimama kama mti mpaka vumbi likatulia. Nilimwambia, kumbe na wewe una mlango wa pili. Yule bibi akapona vizuri bila kusikia neno lake hata moja, na nadhani hilo ndilo lililomkera zaidi.

Aliwakataza watu chumvi, akawakataza tumbaku, akawakataza pombe ambayo mwenyewe hakuionja kwa dini yake. Kisha aliegemeza baiskeli kwenye ua wangu, akanywa chai ambayo kijiko kingesimama ndani yake kwa sukari. Nilimpikia mimi. Sukari niliitia sufuriani kabla ya majani. Nilimwambia midomo yake itakuja kushikana. Akasema, "Mama Uji, mimi si mgonjwa. Mimi ni Dresa."

Mwanzoni alikuwa na swali hilo moja tu, la mwenye chungu. La pili lilikuja kwa msiba.

Palikuwa na mwanamume wa Merikit aliyeugua homa ya matumbo. Ugonjwa ule siku zile ulikaa na mtu mwezi, na ukimwachia umemwacha mifupa na macho. Walitufundisha kwamba ndani utumbo una vidonda, ngozi yake imekuwa kama karatasi, kwa hiyo mtu hata akisikia njaa ya kula ukuta, apewe vitu vyepesi tu: uji uliochujwa, maziwa yaliyochemka, mchuzi usio na nyama. Akila kigumu mapema, utumbo unatoboka, na hapo hakuna dawa. Mkewe alinieleza yote hayo kwenye benchi, mimi mjinga, na alieleza vizuri kuliko Dresa mwenyewe. Nikamsifu. Wakaondoka.

Hawakufika kwao salama. Njiani waliingia kwa dada wa yule bwana, aliyekuwa amelia mwezi mzima akidhani kaka yake amekufa. Dada akasonga ugali wa wimbi, akachoma nyama. Hakuambiwa, na mke hakuthubutu kumzuia wifi yake katika nyumba yake. Kabla ya siku ya soko iliyofuata, tumbo la yule bwana lilikaza kama ubao, naye akafa.

Habari zilimfikia Dresa. Asubuhi moja nilimsikia akiuliza nani mwenye chungu, kisha akaongeza, sauti yake imeshuka: "Na mtapita wapi?"

Basi ugonjwa ule ule ukaja nyumbani kwangu.

Sitasimulia mwezi ule. Mume wangu, aliyekuwa ananyanyua taruma la reli peke yake, nilimgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Homa ilipomwacha, daktari akasema aende nyumbani Masafu apate nguvu, na shemeji yangu akaja na baiskeli ya kumbebea. Tulipofika kwenye benchi nilijua ya kusema. Nilikuwa nimeyasikia yakisemwa tangu nianze kuuza uji.

"Mwenye chungu ni mimi," nikasema kabla hajauliza.

"Mtapita wapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Njia ya kwenda Masafu inapita Osukuru, chini ya vilima, na mlango wa mama yangu unatazama barabara.

Msomaji wa siku hizi labda haoni tatizo. Kwetu mkwe akipita mlangoni bila kuingia, amekutangazia vita. Akiingia, anachinjiwa kuku na anakula, na asipokula amesema chakula chako ni sumu. Tena mama mkwe hakai mahali alipo mkwe wake. Yeye yuko jikoni, mkwe yuko nyumba kubwa, wasichana wanapeleka sahani, na wawili hao hawatazamani wala hawasemezani. Mume wangu asingeweza kumwambia mama kitu hata kama angetaka.

Dresa alifikiri huku anagonga goti. Akaniuliza, kwenu kuna mtu yeyote anayepita kwa wakwe bila kula na watu wasikasirike? Nikamwambia yuko, baba wa mapacha kabla hajafanyiwa sherehe, huyo hata salamu hatoi.

"Basi mumeo amezaa mapacha."

Shemeji yangu aliruka kama amekanyaga siafu. Na mimi nilikataa. Mapacha kwetu si jambo la kuchezea, ukiwataja uongo unaita balaa nyumbani. Nilimwambia Dresa kwamba hapo amefika mwisho wa akili yake, arudi mjini kwake. Watu wa benchi wakacheka. Yeye hakucheka. Alivua kofia, akaiweka kando.

"Njoo uwe mjinga," akasema, kisha akatikisa kichwa. "La. Leo mjinga ni mimi. Mimi ni mama yako. Kuku ameiva. Nieleze."

Mwanamume mzima wa kaptula akajifunika kitambaa cha kufutia mikono kichwani, akakaa kama mama wa Osukuru aliyenuna. Nilianza kwa Kiteso. Akageuza uso, akapiga paja, akaguna. Nikaanza tena. Akajifuta machozi ambayo hayakuwepo, akasema kwa Kiswahili, "Mkwe wangu anaona chungu changu kina uchafu? Nimekuzaa nini wewe?" Benchi zima likawa linacheka, kisha kicheko kikaisha, kwa sababu nilikuwa naanza upya kila mara na yeye hakuniachia. Kila nilipomwambia asimpe, alilia zaidi. Mwisho akaondoa kitambaa kichwani, akaniambia polepole, "Unamnyang'anya mama yako. Wewe huoni? Mpe kitu."

Akafungua mlango. Alimwambia shemeji pia dalili za kurudi: tumbo likikaza, choo kikiwa cheusi kama lami, homa ikirudi, mtu asingoje soko wala mganga, arudishwe saa ile ile. Shemeji akaitikia ndiyo, ndiyo. Dresa akamshika usukani wa baiskeli mpaka akayasema mwenyewe.

Mama alikuwa ameshasikia tunakuja. Kabla hatujafika mti wa ua wake, niliisikia harufu. Mume wangu naye aliisikia, nikaona koo lake linapanda na kushuka. Mwezi mzima wa uji mwembamba, na sasa kuku wa moshi na ugali wa wimbi unaofuka.

Tuliingia nyumba kubwa. Wasichana wakapiga magoti, wakaweka sahani, wakatoka. Mama yuko jikoni ng'ambo ya uwanja, kama desturi inavyotaka, akitega sikio. Ndipo nikauona mtego ambao Dresa hakuuona kwenye benchi lake. Nikienda jikoni kumweleza mama, namwacha mume wangu peke yake na kuku. Nikikaa naye, mama hataambiwa na mtu.

"Kidogo tu," mume wangu akasema. Alikuwa hanitazami mimi, alikuwa anatazama paja la kuku.

"Shemeji, kipande kimoja kitafanya nini?" akasema ndugu yake. "Ataona aibu. Sisi tunakula, yeye anatazama?"

"Wewe umeyasema mwenyewe, umeshikiwa usukani."

"Nilisema ili anifungulie mlango."

Mume wangu akanyoosha mkono. Mkono wenyewe ulikuwa fimbo, vidole virefu vimebaki vifundo. Nilimwona yule bwana wa Merikit kama yuko pale. Sikufikiri tena. Nilinyakua sahani zote mbili, ya ugali na ya kuku, nikatoka nazo nje.

Katika maisha yangu sijawahi kutembea uwanja mrefu kama ule. Majirani walikuwa wamekuja kumwona mgonjwa, wamekaa ukutani. Waliona sahani ya mkwe inarudi jikoni imejaa. Mwanamke mmoja alishika mdomo.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alitazama sahani, hakunitazama mimi. Nikapiga magoti nikaziweka chini. Yale maneno ya kukataza yalikuwa mdomoni tayari, yamejipanga. Nikayameza.

"Mama, mpe uji," nikasema. "Wa wimbi, uchujwe mpaka usibaki na chembe. Ndani amechanika, kinachoweza kupita ni huo tu. Mimi nauza uji mjini, lakini wako ndio ulionikuza. Mpikie wewe."

Aliinama, akasukuma vinga motoni. Kuni zililia. Kutoka nyumba kubwa nikasikia shemeji akikohoa, nami nikahesabu sahani zote ziko hapa, hakuna iliyobaki kule.

"Usiwe na chembe hata moja?" mama akauliza.

"Hata moja."

"Nyie watu wa mjini hamjui kuchuja," akasema. Akanyanyuka, akatafuta kitambaa safi. Akachuja mara moja, akapitisha kidole, akachuja tena. Wasichana wakaupeleka kwa kibuyu. Mume wangu aliunywa akilia, na sikumuuliza analilia nini. Shemeji alikula kuku mzima kwa niaba ya ukoo wao, akalamba na mifupa, mama akaridhika kwamba kuku wake hakuchinjwa bure.

Tulipoaga, mama alinishika kiwiko nyuma ya jiko. "Umenirudishia sahani mbele za watu. Hilo nitakufa nalo." Na kweli alikufa nalo, alinikumbusha kila mavuno. Lakini aliwaambia Osukuru nzima kwamba mkwe wake aliponywa na uji wake, hospitali ilishindwa. Nilimwachia. Mume wangu alirudi relini, akanyanyua mataruma, akanizalisha watoto wengine.

Nilimsimulia Dresa. Nilidhani atafurahi. Alisikiliza mpaka mahali pa sahani mbili na uwanja, akaacha kunywa chai. "Hilo la jikoni na nyumba kubwa sikulijua," akasema. Tangu siku hiyo, aliposikia neno wakwe, aliita watu wawili kwenye benchi: mmoja wa kukaa na mgonjwa, mmoja wa kwenda jikoni.

Miaka ikapita. Akastaafu, benchi likakaliwa na vijana wenye viatu vya kung'aa, ambao waliwaambia watu waende salama. Wazungu walikuwa bado kwenye nyumba zao za juu, lakini walishaanza kufunga masanduku. Mimi nilikuwa nimenunua kiwanja nje kidogo ya mji, kwenye njia ile ile.

Mchana mmoja nikasikia kengele ya baiskeli. Niliijua. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kopo, nikatia sukari sufuriani kabla sijageuza kichwa.

Alikuwa anaisukuma baiskeli, hakuipanda. Amekonda, kaptula imefungwa kwa kamba, na mguu mmoja umezungushiwa bendeji. Akakaa mahali pake. Akasema ametoka hospitali leo, wamemlaza wiki kadhaa, kidonda cha kidole cha mguu kilikataa kupona. Akasema safari ndefu, chai iko wapi.

"Wamekwambia una nini?"

"Mambo ya uzee."

"Dresa."

Akatazama barabara. "Sukari," akasema. "Iko kwenye damu. Wanasema kidonda kikiharibika watakata mguu."

Nikaitazama sufuria inachemka, inanukia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba njia yake kutoka hospitali inapita mlangoni kwangu, na kwamba leo nyumba ya njiani ni mimi. Nikaitoa sufuria motoni, nikatoka nayo, nikaimwaga yote kwenye mizizi ya migomba. Yeye alifuata kila tone kwa macho, kama mume wangu alivyofuata lile paja la kuku.

"Hata kikombe kimoja, Mama Uji? Kimoja kitafanya nini?"

Nikabandika maji mengine. Nikampa chai tupu na karanga za kuchemsha kwenye sahani, nikakaa mbele yake mpaka akanywa. Alikunja uso kama mtoto anayekunywa kwinini.

"Ukitoka hapa unapita wapi?" nikauliza.

Akacheka, kicheko kibaya. Akaanza kuhesabu kwa vidole: duka la mpwa wake, baraza la msikitini, kisha kwa dada yake anakolala, ambaye tangu asubuhi anakaanga kaimati za shira za kumpokea. Alipofika kwenye kaimati akavikunja vidole. Miaka yake yote ya kazi alikuwa amewasimamia watu wa wengine mlangoni, na sasa hapakuwa na wa kumsimamia.

Nikafunga kilemba, nikashika usukani upande mmoja, yeye akashika upande wa pili kwa kujikongoja. Dukani nilimwambia yule mpwa ampe maji na kiti. Barazani niliwaambia wazee wampe nafasi ainyooshe miguu, na aliyenijibu kwamba mwanamke gani huyu, nilimjibu vizuri. Tulipofika kwa dada yake, sinia la kaimati lilikuwa tayari kwenye mkeka, zinametameta shira, na dada amesimama mlangoni amefungua mikono, machozi yanamtoka.

Dresa alisimama. Nilimhisi anataka kuingia, na njaa ilikuwa imejaa usoni pake. Akaniachia usukani.

"Dada," akasema, "nitakueleza namna ya kuniuguza. Nikimaliza, utamweleza huyu mama, neno kwa neno. Usimwonee haya. Huyu ni mjinga, hajui kitu chochote."

Nikavua viatu, nikakaa mkekani, sinia la kaimati nikalisogeza nyuma ya mgongo wangu. Nikakunja mikono.